Chai Iliyotemwa Sebuleni

Mvua ya mji ule haipigi hodi. Jumamosi hiyo iliteremka kutoka mashamba ya chai yaliyouzunguka mji, na soko zima likakimbilia mabarazani. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limemganda mwilini, alisukumwa na umati mpaka akajikuta amekanyaga kitambaa cheupe kilichotandazwa chini tayari kukatwa.

"Kaka, hapo uliposimama ni kifuani kwa bibi harusi," alisema fundi cherehani, msichana mwenye gauni la rangi ya chungwa na futi ya kupimia shingoni.

"Samahani, dada. Nitakifua mwenyewe."

"Unajua kufua?"

"Sijui. Ila nia ninayo."

Msichana alitaka kukasirika, akacheka.

Kijana alikuwa mwonja chai katika kiwanda kilichoko mlimani. Jumatatu alirudi na suruali isiyo na kasoro yoyote, akataka ipunguzwe. Jumatano akataka irudishwe ilivyokuwa. Baada ya miezi mitatu hawakuhitaji tena kisingizio cha suruali. Walipigiana simu asubuhi na jioni, kuulizana tu kama wamekula. Msichana alikuwa ameshaamua: ataolewa na huyu, tena kwa baraka za mama yake aliyemlea peke yake.

Kwa hiyo akampeleka nyumbani. Mama alijifunga kilemba kipya, akatoa vikombe vya wageni kabatini, akamimina chai. Kijana alikuwa na woga hata akili ikamruka, akafanya alichozoea kufanya kila siku kazini. Alivuta funda kwa kelele, akalizungusha mdomoni, akainama na kulitema katika beseni la kunawia.

Mama aliinuka taratibu. "Mwanangu, msindikize mgeni wako."

Jioni simu iliita mara sita kabla msichana hajaipokea.

"Mpenzi, nisikilize. Ni mazoea ya kuonja."

"Kuonja nakujua. Hata mimi huonja mchuzi, na siutemi. Umemdhalilisha mama yangu nyumbani kwake. Usinipigie tena."

Alikata simu, akalia kidogo, kisha akakasirika kwa nini amelia. Asubuhi hakufungua kibanda chake cha kushonea. Alipanda mlima kwa miguu, viatu vikijaa tope jekundu, akamwambie yaliyobaki.

Mlangoni mwa chumba cha kuonjea alisimama. Vikombe themanini vilikuwa vimepangwa mezani. Kijana, aproni kiunoni, alikuwa akipita kutoka kimoja hadi kingine, akivuta kijiko kwa kelele zile zile na kutema ndani ya ndoo ndefu, bila kumeza hata tone.

"Kila siku?" msichana aliuliza.

Kijana aligeuka. "Miaka tisa sasa. Nikimeza zote, moyo utanidunda mpaka nianguke. Hata nyumbani sinywi chai."

"Jumapili utakunywa."

"Mama yako hatanifungulia mlango."

"Nitafungua mimi. Sikupanda mlima wote huu ili niachane na wewe."

Jumapili mama alimimina chai bila kumtazama. Kijana alimeza kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Jasho likamtoka na vidole vikaanza kutetemeka.

"Naambiwa wewe ni mjuzi," mama alisema. "Basi niambie kweli. Chai yangu ikoje?"

Msichana alimkanyaga mguu chini ya meza. Kijana alimtazama yeye, kisha akamtazama mama.

"Majani yamekaa karibu na sabuni, mama. Yamevuta harufu."

Msichana alifumba macho. Harusi yake aliiona ikitoka nje kwa mlango ule ule aliomfungulia mchumba.

Mama alikwenda kabatini, akanusa kopo la majani, akarudi kuketi.

"Baba yake alikunywa chai hii miaka kumi na miwili, kila siku akiisifu. Hata asubuhi aliyotuacha aliisifu." Alikisogeza kikombe chake kando. "Umekuja kusema nini, mwanangu?"

"Nataka kumuoa binti yako."

"Na siku ukichoka naye?"

"Nitamwambia. Halafu nitabaki."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Waambie wazazi wako waje Jumamosi," alisema mwishowe, kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe acha kulia, kamletee mwenzako maji. Huoni anavyotetemeka?"