Mgeni wa Treni ya Asubuhi

Behewa lilijaa tangu Mukono. Watu walisimama bega kwa bega wameshika vyuma vya juu, lakini kiti kilichomkabili Nuriat kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekikalia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikitazama, akasogea mbali nacho.

Nuriat hakujali. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Likizo yake ya kwanza katika miaka kumi na moja, wiki mbili Mombasa kwa dada yake Jamilah, ilikuwa imeyeyuka ndani ya basi, mchana kutwa na usiku kucha, mpaka magurudumu yakawa yanazunguka kichwani mwake. Alfajiri alishuka Mukono na kupanda treni, akwepe foleni ya magari ya kuingia Kampala. Siku mbili baadaye angerudi kusimama langoni mwa jengo la maduka pale Nakivubo, akipekua mikoba ya kina mama na kumuuliza kila aingiaye, "Umebeba nini?"

Alifungua mfuko wa mahamri aliyofungiwa na Jamilah. Kwa dada yake hakuna aliyetia tonge kinywani bila kumkaribisha aliye mbele yake, na wiki mbili zilitosha kumtia mazoea. Macho yakiwa nusu wazi, alihisi magoti ya mtu yakigusana na yake. Akamega hamri, akanyoosha mkono.

"Karibu," alisema. "Karibu sana, tule."

Pale kitini ikatoka pumzi ndefu, kama ya mtu aliyesimama miaka mingi na sasa amepata pa kukaa. Nuriat akafumbua macho. Hapakuwa na mtu. Kipande cha hamri kilikuwa bado mkononi mwake. Alipokitafuna kilikuwa kama pamba, hakina sukari, hakina iliki. Na hewa ilinuka chuma kilichosuguliwa mpaka kikashika moto.

Nimechoka tu, alijiambia.

Nje ya stesheni ya Kampala alimkuta Odyek, jirani yao mwenye bodaboda. Odyek alipakia begi mbele, kisha akajisogeza mpaka akakaa juu ya tangi la mafuta, kama wafanyavyo wakibeba abiria wawili.

"Mbona umejibana hivyo?" Nuriat aliuliza.

"Ili mkae vizuri, nyabo."

"Sisi na nani?"

Odyek akatazama kioo cha pembeni. Akawasha pikipiki, na mpaka Namuwongo hakukitazama tena.

Nuriat aliishi na mama yake, Habibah, katika vyumba viwili hapo Namuwongo, karibu na reli. Mama alikuwa mjane, miguu imevimba, hatoki. Siku zake zilipita kwenye mkeka, akisuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula. Wakati wa likizo jirani alimletea chakula, akakiweka mlangoni na kwenda zake.

"Salaam aleikum, Mama."

"Waalaikum salaam. Ingieni, ingieni."

Mchana huo Mama alipakua sahani tatu.

"Ya tatu ya nani?"

"Ya mgeni wako. Au huko Mombasa wamekufundisha kuwaacha wageni na njaa?"

Nuriat alitaka kuuliza zaidi, lakini usingizi ulimwangusha palepale mkekani.

Kazi ilipoanza, maisha yakarudi kwenye mdundo wake: kusimama, kupekua, kusimama. Kila jioni aliingia miguu ikiwaka, na kila jioni Mama alianza, "Unajua, mwanangu, leo nimekumbuka," na Nuriat alimjibu kama alivyomjibu miaka yote, "Kesho, Mama." Sahani ya tatu ilibaki imejaa, lakini chakula chake hakikuwa na ladha wala harufu. Baadaye na sahani ya Mama ikawa hivyo. Siku ya sita bangili zilimponyoka Mama kwenye mkono uliokonda, zikalia sakafuni, naye hakuinama kuziokota.

Siku ya nane Nuriat alirudi mapema, akasimama nje ya pazia. Alisikia sauti ya Mama ikisimulia jinsi babu yake mwanajeshi alivyowaonyesha watoto wa Bombo namna ya kupiga saluti, kisha Mama akanyamaza kama anayengoja jibu, na ndani ya ukimya ule chuma kikasaga chuma polepole, kikavuta pumzi na kuishusha, kikavuta na kuishusha, mpaka Mama akacheka kicheko cha msichana ambacho Nuriat hakuwa amekisikia tangu baba yake azikwe, naye akafungua pazia kwa kidole kimoja na kuona mto wa kiti cha wageni, kisicho na mtu, umebonyea, unapanda na kushuka, na mkono wa Mama, mwembamba kama ufito, umeshika tonge la wali na kulinyoosha juu ya kiti, na wali ule, punje baada ya punje, unageuka kuwa wa kijivu.

Kesho yake, saa ya chakula, alikimbilia kwa Maalim Abudu, aliyetengeneza vyerehani pale Nakivubo na kuwasomea dua wenye shida kama hizi.

"Mamangu anaisha, Maalim," alinong'ona, akamweleza yote, tangu kiti cha treni na hamri mpaka wali wa kijivu. "Njoo umtoe huyo mgeni."

"Alivunja mlango?"

"Hapana."

"Wewe ulimwambia nini?"

"Karibu. Karibu sana, tule."

Maalim akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Miaka kumi na moja unapekua watu, Nuriat. Huyu mmoja ukampitisha na hamri mkononi." Hakucheka. "Nikimsomea atatoka kwa hasira, na mama yako atatoka naye. Uliyemwita mwenyewe, msindikize mwenyewe, mpaka pale ulipomkaribisha. Mkatie tiketi. Mtakie safari njema, basi. Ile adabu yetu ya kusema karibu tena, ing'ate kwa meno. Mtu wa nyumba yenu akiitamka, huyo hatahitaji treni kurudi."

Jioni hiyohiyo Nuriat alisimama mbele ya kiti. "Mama, mgeni anaondoka."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya kawa. "Sisi tumemchosha?"

"Ana safari. Nitakueleza kesho."

"Ngoja basi nimuage."

Mama aliinamia kiti, akasema maneno machache. Treni ilikuwa ikipita nyuma ya nyumba na Nuriat hakuyasikia.

Alikata tiketi mbili. Behewa lilijaa, na kiti mbele yake kilikuwa kitupu. Njia nzima alisikia ile pumzi. Treni ilipofika Mukono aliinama, akasema, "Nimekusindikiza. Safari njema." Neno la tatu, lile alilokatazwa, lilimjia lenyewe kwenye ulimi, akaling'ata mpaka akaonja damu.

Mto wa kiti ukainuka. Mwanamke mwenye kikapu akaja, akakaa pale bila hata kukitazama.

Treni iliyogeuka kurudi Kampala ilikuwa karibu tupu. Nuriat alinunua karanga dirishani. Zilikuwa na chumvi. Alizitafuna moja moja huku machozi yakimtoka, na kwa kila kiungo cha reli kilichogonga chini yake aliahidi: leo nitamsikiliza, leo, leo, leo.

Alimkuta Mama ameketi, taa imewashwa, uso umetulia.

"Mama, nimekuja tuzungumze. Nisimulie yote. Leo, si kesho."

Mama alimtazama kwa huruma. "Laiti ungesema jana, mwanangu. Mtu aliyenisikiliza siku zote hizi, ningemwacha aende bila neno? Nilimwambia karibu tena."

Mkekani palikuwa na makawa matatu, kila moja limefunika sahani. Chumba kilinuka chuma cha moto. Mama akageuza uso kwenye kiti.

"Sogea kidogo," alikiambia kwa upole. "Binti yangu amechoka, naye akae."