Chochote, Shangazi

Kahonzi alifuta tena sentensi ya nne, hadi karatasi ikaanza kutoboka. Mwalimu Mwaringa alikuwa amewafundisha kueleza kwa Kiingereza kile mtu anachokipendelea. Ukitumia "would rather", alisema, kitenzi kinachofuata hukaa peke yake, bila "to". Kahonzi alilielewa somo upesi. Sentensi zake hazikuwa na kosa, lakini mwalimu alimrudishia daftari.

"Jana uliandika kwamba ungependelea samaki kuliko nyama. Leo umeandika nyama kuliko samaki. Ukweli ni upi?"

"Wowote, mwalimu."

Darasa liliangua kicheko. "Huyu hata peremende huomba rangi yoyote!" akasema Nisha, aliyekaa naye dawati moja.

Basi sasa alitakiwa kuandika sentensi kumi za kweli.

Kahonzi alitoka Jilore mwezi wa Januari, akaja kukaa kwa shangazi yake, Gladys, mtaa wa Kisumu Ndogo, ili asome Malindi. Asubuhi ya safari, hawe, yaani nyanya yake, alimshika mkono akamwambia, "Kwa watu usichague, mwanangu. Unachopewa, shukuru." Kahonzi aliyashika maneno hayo. Watoto wa jirani walipomuuliza mchezo autakao, alijibu, "Wowote." Baadaye wakaacha kumuuliza. Jioni aliwasikiliza wakicheza, yeye yuko ndani.

"Kahonzi! Wali au sima?" shangazi aliita kutoka jikoni.

"Chochote, shangazi."

"Chochote hakiuzwi dukani, mama! Haya, nataka kumpigia baba yako. Shule zinafungwa Ijumaa. Juzi nilikuuliza utakwenda Jilore au utabaki, ukasema popote. Nimwambie unabaki?"

Neno "popote" lilimjia mdomoni. Akalitazama lile tundu kwenye karatasi. Akinyamaza, likizo nzima itapita bila kumwona hawe.

"Shangazi," alisema polepole, "ningependelea kwenda."

Shangazi akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwa leso. "Umetuchoka?"

"La, shangazi. Nimemkumbuka hawe. Kila nikilala namkumbuka." Machozi yakamlengalenga.

Shangazi aliketi kando yake. "Na mimi miezi yote hii nadhani umepazoea! Sikiliza, mwanangu. Hawe alikufunza adabu, na hakukosea. Lakini kushukuru si kuficha moyo wako. Ukiulizwa, sema kweli kwa upole. Huenda mtu asiweze kukupa unachotaka, lakini angalau atakujua."

Kisha akapiga simu. "Kitsao, mwanao anakuja Jumamosi. Mwambie mama." Akaigeukia kazi yake. "Sasa, wali au sima?"

"Sima, shangazi. Na mchicha."

"Na mchicha! Kumbe anajua kuagiza!"

Kahonzi aliandika sentensi ya nne, kwamba angependelea kula sima kuliko wali. Safari hii hakuifuta. Halafu akatoka nje. Lynn, binti wa jirani, alikuwa akikunja kamba.

"Naomba kuruka," Kahonzi alisema.

"Tumemaliza, giza limeingia." Lynn akamtazama. "Kesho tucheze nini, mpira wa kati au kamba?"

"Kamba."

"Haya, kamba."

Kahonzi alirudi ndani. Sentensi sita zilikuwa zimebaki. Alifunga daftari, angeziandika kesho, baada ya kuruka kamba.