Sanduku Lililonyimwa Hewa

Majirani wa Sakina, nanyi ndugu wa Kikwe na Kikatiti, tangu milango ya biashara ifunguliwe kila nyumba ina chombo kipya kinachonguruma. Hili nitakalowasimulia lilitokea katika nyumba moja tu, lakini linaweza kuingia nyumba yoyote yenye soketi ya umeme.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa nne asubuhi. Sebuleni kwa Aminieli na mkewe Ndeshi palikuwa pametulia. Ndeshi alikuwa anafuma kitambaa cheupe, kama wanawake wengi wa mtaa ule. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake, redio na chake, hata friji ilivalishwa. Kitu kimoja tu kilikaa uchi, nacho ni kompyuta ya mumewe. Sanduku lake lilisimama mezani ubavu wazi, nyaya nje kama utumbo wa mbuzi, na feni ya mezani ikilipulizia mchana kutwa. Aminieli alikuwa anapiga picha za video za harusi na kuziunganisha humo, kisha anawatolea watu CD.

Asubuhi ile kwenye kioo cha kompyuta alikuwapo Mzee Sifael wa Kikwe, baba yake Ndeshi. Wiki iliyotangulia mjukuu wake Eunike alipata kipaimara, na mzee akasimama uani, fimbo mkononi, kamera ya Aminieli ikimrekodi, akawataja kwa Kimeru wazee tisa wa ukoo wao. Kila mmoja alimtaja na kazi yake: aliyechimba mfereji, aliyepanda kahawa ya kwanza, aliyekubali kubatizwa akachekwa na ndugu zake. Hakuwahi kuwataja wote kwa pamoja. Wanawe wenyewe hawakuwa wanawajua.

"Baba Eunike," Ndeshi alisema, "nitolee CD ya Baba leo. Hata moja tu, niifungie kabatini."

"Kesho, mama. Leo natoa harusi ya Kikatiti, walioana juzi na wiki ijayo wanataka CD."

"Na mkanda wenyewe wa kamera uko wapi?"

"Mkanda nimeshaurekodia hiyo harusi." Akalipiga sanduku kofi la kirafiki. "Usihofu. Mzee yumo humu. Humu haozi."

Hapo ndipo utulivu wa Ndeshi ulipokwisha.

Mchana ule alipita fundi Sironka, rafiki yao, kuleta CD tupu. Alipoona feni ile akacheka mpaka akashika mlango.

"Aminieli! Hii siyo uji, unapuliza ipoe?"

"Kunywa chai yako, bwana."

"Nakwambia kweli. Umempa punda mzigo wa lori. Rudisha ilivyokuwa, au basi..."

"Usimtishe shemeji yako," Aminieli alimkatiza, na kumkonyeza.

Ndeshi alisimama na birika. "Kwani ina nini, shemeji? Mbona iko uchi hivi na vumbi lote la barabara ya Nairobi?"

Sironka alimtazama rafiki yake. Aminieli akajibu yeye: "Mambo ya kiufundi, mama. Wewe endelea na vitambaa."

Alichofichwa Ndeshi nawaambia mimi. Aminieli alikuwa ameifungua ile kompyuta, akahamisha vipini vidogo vya kupangia mwendo ndani yake ili ikimbie kuliko ilivyopangwa na walioitengeneza. Harusi iliyochukua siku mbili ikawa inakamilika kwa siku moja. Lakini mwendo ukiongezeka, moto nao huongezeka, na ndiyo sababu ya ubavu wazi na feni. Hewa baridi ilipaswa kuingia upande mmoja na ya moto itoke upande wa pili, bila kukatizwa hata saa moja. Jambo hilo lingeelezwa kwa maneno kumi. Aminieli hakuyasema. Aliwatangazia wateja kuwa amenunua mashine mpya, akaogopa mkewe asije akaitoboa siri kanisani.

Novemba ikaisha. Desemba wenyeji wote walirudi toka Dar na Nairobi, harusi juu ya harusi. Ndeshi hakukaa kitini. Alifagia palipokwisha kufagiliwa. Akipita mezani alisogeza kiganja karibu na sanduku, akahisi joto kama la paji la uso wa mtoto mwenye malaria.

"CD ya Baba?"

"Kesho."

"Kesho yako ina mapembe, Baba Eunike. Kila nikiikaribia inanifukuza."

Aminieli akacheka, akarudi kwenye harusi za watu.

Januari, siku ya Jumatano, Mzee Sifael alifariki katika hospitali ya mjini. Ebenezer, kaka yake Ndeshi, alipanga maziko ya Jumamosi kule Kikwe. "Tutakodi spika," alisema. "Baba atawataja wazee wake mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya ukoo wote."

"Ipo," Aminieli alijibu. "Ijumaa naitoa."

Ijumaa mchana ilikuwa zamu ya mchungaji na watu wa mtaa kuja kufariji. Aminieli alikuwa na harusi moja iliyobaki nusu, na hakutaka kupoteza siku; CD ya mzee aliiwekea jioni. Aliiacha kompyuta ifanye kazi. Ila aliona haya, jamani, watu wasije wakasema anafanya biashara msibani. Basi akazima kioo, akazima na ile feni yenye kelele, akatoka uani kupanga viti.

Ndeshi aliingia, macho yamevimba. Akaona kioo cheusi, feni imelala, na lile sanduku lenye utumbo nje mbele ya mahali atakapokaa mchungaji. Akalirudishia sanduku ubavu wake, akalisukuma hadi kwenye kona, mgongo ukutani, pembeni mwa friji. Kisha akatoa kabatini kitambaa kizuri kuliko vyote, kile alichofuma tangu Novemba, akalifunika mpaka chini. Alisikia mvumo kidogo. Akajua ni friji.

Waliimba nyimbo sita. Mchungaji alipofungua Biblia, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Aminieli aliruka viti. "Nani amefunika? Nani amefunika hapa?"

"Mimi."

"Mama Eunike, umeniua! Huoni inafanya kazi?"

"Kioo kimezimwa. Feni imezimwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliniambia niendelee na vitambaa."

Sironka, aliyekuwa miongoni mwa waombolezaji, alilibeba sanduku hadi uani, akalifungua, akajaribu hiki na kile. Mwishowe akatega sikio. Kile kisahani kinachotunza kumbukumbu kilikuwa kinagonga, tik, tik, tik, kisha kikanyamaza.

"Kifaa cha kugawa umeme kimeungua kwa joto, kikakipiga na hiki," alisema. "Pole, shemeji. Hapa hakuna kitu tena."

Kesho yake Kikwe, spika za kukodi zilisimama kaburini bila kazi. Ebenezer alimwinamia Eunike: "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Ulisimama mbele yake. Wataje."

Msichana akaanza. Jina la kwanza, la pili. La tatu akalikosea, akalirudia. La nne. Akamtazama mama yake. Ndeshi akamtazama Ebenezer, Ebenezer akatazama udongo. Watu wote walisubiri, makoleo mikononi. La tano halikuja.

FUNZO

Ndugu zangu, moto uliofichwa hauna mlinzi. Chombo chochote unachokiongezea mwendo, kipe na hewa yake, na kama huwezi, kirudishe ulivyokikuta. Unayekaa naye nyumba moja mweleze kilicho hatari, hata kama unadhani hataelewa, maana mkono wake ndio utakaokifunika kwa upendo. Na kazi ya watu isitangulie kila siku mbele ya sauti ya mzazi.

Aminieli sasa anafanya kazi na mashine isiyoongezwa chochote, nayo hukaa mbali na ukuta. Kile kitambaa kina doa la kahawia katikati. Ndeshi hajakifua. Amekizungushia daftari lenye majina manne, na chini yake mistari mitano mitupu.

Kama bado una mzee, nenda leo ukamuulize. Chukua na kalamu.