Arobaini Mara Ishirini

Wakesho wa Wusi, milimani Taita, aliogopa vitu viwili: nyoka na hesabu. Nyoka aliwapiga kwa jembe. Hesabu alimwachia mumewe, Elijah.

Kila asubuhi alishuka bondeni kuteka maji, kisha akaupanda mlima akihema. Mwaka huu majirani waliamua kujenga tangi kando ya kanisa, wakinge maji ya paa. Elijah ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Ukuta ulitakiwa kuisha kabla ya mvua, nayo ilikuwa karibu. Mvua ikianza, barabara ya Wusi huwa utelezi mtupu, na lori la matofali kutoka Voi haliwezi kupanda. Kwa hiyo lori lingekuja mara moja tu. Matofali yakipungua, wangeteka maji bondeni mwaka mwingine mzima.

Wakati huo Wakesho alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima. Mwalimu alikuwa jirani yake, Pauline.

"Mwalimu, nambari kubwa zinanichanganya," Wakesho alimwambia.

"Basi tuzifanye rahisi. Uko njiani, mvua inaanza. Mbele kuna nyumba, na nyuma kuna nyumba. Utakimbilia ipi?"

"Iliyo karibu, bila shaka!"

"Fanya hivyo hivyo na nambari. Arobaini na saba iko kati ya arobaini na hamsini. Iko karibu na ipi?"

"Hamsini."

"Na sitini na mbili?"

"Hiyo inarudi sitini."

"Vizuri sana! Na sitini na tano, iliyo katikati kabisa?"

"Hapo nyumba zote mbili ziko sawa! Nikimbilie ipi?"

"Hiyo hupanda, huwa sabini," Pauline alisema. "Sisi watu wa milimani, kupanda tumezoea."

Darasa zima lilicheka.

"Huko ndiko kukadiria," Pauline aliendelea. "Jibu lako halitakuwa kamili, lakini litakuonyesha jibu kamili liko upande gani. Ukipata jibu lililo mbali sana na makadirio yako, rudia hesabu."

Jumamosi majirani walikutana kanisani. Fundi Cyrus alikuwa amepima msingi.

"Kila safu itachukua matofali thelathini na manane," alisema. "Tutajenga safu ishirini na moja."

Elijah alibonyeza simu yake haraka haraka.

"Mia nne hamsini na sita!" alitangaza. "Ngoja nimpigie dereva."

Wakesho alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Thelathini na nane, karibu arobaini. Ishirini na moja, karibu ishirini. Nne mara mbili ni nane, weka sifuri mbili. Mia nane! Je, akikosea mbele ya watu wote hawa? Lakini alikumbuka lile bonde, akasimama.

"Baba Janet, usipige kwanza. Jibu linafaa kuwa karibu mia nane."

"Mama Janet, simu haikosei."

"Simu haikosei, lakini kidole hukosea. Arobaini mara ishirini ni ngapi?"

Watu walimtazama Elijah. Alirudia hesabu polepole, safari hii akiangalia kila nambari.

"Lo! Nilibonyeza kumi na mbili badala ya ishirini na moja," alisema. "Ni mia saba tisini na nane."

"Umetuokoa, mama," Cyrus alisema. "Na kwa sababu mengine huvunjika njiani, tuagize mia nane hamsini."

Lori lilipanda siku tatu baadaye, barabara ikiwa bado kavu. Kina mama walibeba mchanga, Cyrus akajenga. Ukuta ulipanda hadi safu ya mwisho, na matofali machache yakabaki. Tangi lilipakwa simiti, likakauka. Kisha mvua ikaja, mvua ya kweli ya Taita, na paa la kanisa likamimina maji usiku kucha.

Wakesho alipofungua bomba kwa mara ya kwanza, vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya pili. Alilia kwa furaha, wala hakuona aibu.

Wiki iliyofuata walifika wageni kutoka kijiji jirani. Nao walitaka kujenga tangi.

"Mwenyekiti," walimwambia Elijah, "tufundishe mlivyopanga."

Elijah alitabasamu, kifua mbele.

"Mimi nilikuwa naagiza matofali ya ukuta wa kufika kifuani tu," alisema. "Muulizeni mke wangu."