Mshale wa Hapana

Jumatatu, saa 9:20 alasiri.

Kabeya alikuwa akila bukari, yaani ugali, na samaki kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukibandika mchoro ukutani. Mafuta ya samaki yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Bilkisi aliangalia pembeni. Chumba hicho cha nyuma ya duka la vipuri, hapo Kolwezi kwenye njia ya Mashamba, kilinuka oili chakavu na jasho la wanaume wasiooga.

Mchoro ulikuwa wa Bilkisi. Kwa miezi mitatu alifuatana na wafanyakazi wa ghala moja la madini, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza: gari likifika kwako unafanya nini? Likitoka hapo linakwenda kwa nani? Nani anaamua? Kila kazi aliiweka ndani ya kisanduku. Kila uamuzi aliuweka ndani ya umbo la almasi lenye mishale miwili, wa ndiyo na wa hapana. Aliambiwa mchoro utarahisisha kazi. Ulipokamilika, mkurugenzi alichukua kalamu akakata visanduku kumi na kimoja. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na mtu aliyepoteza kazi. Cha mwisho kilikuwa cha Bilkisi mwenyewe.

Ndiyo maana Kabeya, mwizi wa madini, alipomtafuta, hakukataa. Alitaka kuwaumiza wale wa juu. Alijiambia hivyo.

Kabeya alimwamuru aeleze, naye akaeleza. Lori halitoki mpaka kompyuta ikubali uzito, lakiri na karatasi ya mkuu. Lakini mtandao ukikatika kwa zaidi ya dakika ishirini, uamuzi unamwangukia mtu mmoja, mpima mizani. Akitia sahihi, lango linafunguka. Bilkisi aliliandika tundu hilo kwenye ripoti yake. Hakuna aliyeisoma.

Mengine yalikuwa mepesi. Omer, mkono wa kulia wa Kabeya, angekata waya. Gradi, dereva aliyekuwa bado na kazi palepale ghalani, angekuwa mizanini na lori la kobalti na karatasi ya bandia. Wanunuzi wangesubiri kwenye shamba lililoachwa, njia ya Lubudi.

Gradi aliuliza swali moja tu.

"Na Tata Kalumba akikatala?"

Mzee Kalumba ndiye aliyekuwa mpima mizani. Bilkisi akaweka kidole kwenye mshale wa hapana. Unalirudisha gari kwenye maegesho, alisema, na kila mtu anakwenda zake.

"Hakuna mutu anaumia," akaongeza.

Kabeya aliramba vidole, kimoja kimoja. Omer alicheka kwa pua.

Jumatano, saa 4:05 asubuhi.

Waya ulikatwa. Bilkisi alikuwa ndani ya gari la Kabeya, ng'ambo ya lango, saa mkononi. Aliona makarani wakitoka nje na simu zao, wakitafuta mtandao angani. Hakuna aliyekimbia. Mtandao ulikuwa na mazoea ya kukatika.

Saa 4:27.

Lori la Gradi lilipanda mizani. Tata Kalumba akatoka kwenye kibanda, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wakati wa ule uchunguzi, mzee huyu alimwachia Bilkisi kiti chake, yeye akasimama. Aliisoma karatasi. Akaisoma tena. Akalizunguka lori, akaigusa lakiri kwa kidole gumba. Kisha akatikisa kichwa, akaonyesha maegesho.

Bilkisi alishusha pumzi. Nusura acheke.

"Amekatala. Ambia Gradi arudishe gari."

Kabeya aliinua simu. "Omer. Hapana."

Neno hilo tu. Bilkisi alidhani ni amri ya kuacha. Kisha akamwona Omer, ndani ya fulana ya walinzi, akiiendea mizani bila haraka. Alimsogelea mzee karibu, kama mtu anayetaka kumnong'oneza. Risasi mbili. Kalumba aliketi kwanza, halafu akalala ubavu. Omer akaelekeza bastola kwa walinzi wa lango, wakalala chini. Mmoja wao akafungua lango akiwa anatambaa. Omer akapanda kwa Gradi. Lori likatoka.

Gari la Kabeya lilikuwa limeshaondoka nyuma yake.

"Tulisema tutaacha," Bilkisi alisema.

"Mushale ni yako," Kabeya akajibu. "Kwenye inaenda, ni mimi naamua."

Saa 5:40.

Walikuwa mbali kwenye vumbi la njia ya Lubudi. Mchoro, uliobanduliwa ukutani, ulikuwa juu ya magoti ya Bilkisi. Aliugeuza asiuone, akakuta upande wa pili Kabeya amechora wake. Visanduku vilinyooka. Mshale wa hapana ulitoka kwa Kalumba ukaenda kwa Omer. Baada ya shamba, kisanduku cha Gradi kilikuwa na alama ya kukata. Chini yake kingine, kimeandikwa "mwanamuke", nacho kimekatwa.

Hakuogopa kwanza. Alichukizwa. Mtu huyu alikuwa amejifunza kwake, na alikuwa amejifunza vizuri.

Aliomba kushuka. Kabeya, akimwona ameshika mdomo, akasimamisha gari akiapa kwamba akitapika humo atalamba. Bilkisi alitapika kweli nyuma ya gari, na kati ya kutapika na kutapika akapiga simu kwenye kituo cha polisi wa madini.

"Lori ya kobalti, shamba ya zamani, njia ya Lubudi," alisema kwa sauti ya chini. "Kujeni mbiyo. Bataua shofere, Gradi."

Angeweza kukimbilia majanini. Lakini akikimbia, Kabeya angejua, angempigia Omer simu, na Gradi angeuawa njiani. Alifuta mdomo, akarudi garini.

Saa 6:35 mchana.

Shambani hapakuwa na mtu. Wanunuzi walikuwa hawajafika. Gradi alishuka akilia, akisema alimjua Kalumba miaka yote, kwamba yeye hakukubali mtu auawe. Omer alishuka upande wa pili, akaja nyuma yake.

"Gradi, kimbia," Bilkisi akasema, na akajitupa kwenye mkono wa Omer.

Risasi ilipasua tairi. Gradi akaingia chini ya lori. Kitako cha bastola kilimpiga Bilkisi mdomoni, akasikia meno yakilegea. Alimshikilia Omer hata hivyo, mpaka magari ya polisi yalipovunja ua wa miti. Omer alipiga risasi moja kuwaelekea. Hakupata nafasi ya pili.

Kabeya alikuwa ameshapiga magoti, mikono juu. Alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Ni huyu mwanamuke. Alichora yote. Muangalie mu gari, karatasi ni yake."

Hakudanganya. Ndicho kilichomkera Bilkisi kuliko damu iliyojaa kinywani. Kamanda wa polisi alirudi kutoka garini na mchoro, akauangalia mbele na nyuma, akamuuliza kama ni kweli.

Bilkisi alitema. Alimwomba kwanza apeleke gari la wagonjwa ghalani, kuna mzee ameanguka mizanini.

Kamanda alikunja karatasi.

"Mama, ule muzee bashamufunika shuka."

Bilkisi aliketi kwenye vumbi. Alipoulizwa majina ya waliohusika, alianza na lake.