Tangi la Kulia

Bi Kinyaa hakunywa chai kabla ya kunusa kikombe. Alikinusa, akakisuuza, akakinusa tena, ndipo akamimina. Shuleni alikuwa na jina lake halisi, lakini nyumbani kwa shangazi yake, alikolelewa, hakuna aliyelitumia. Nywele moja kwenye sahani ilitosha kumfanya aache chakula. Inzi akitua kwenye mkate wake, mkate ule ulikuwa halali ya binamu yake, Kifimbo, ambaye siku nyingine alimkaribisha inzi kwa makusudi.

Shangazi alikuwa nahodha. Kila asubuhi alivusha wanafunzi na wachuuzi wa mboga hadi ng'ambo ya ziwa kwa boti kuukuu ya injini moja. Kazi ya Bi Kinyaa kabla ya shule ilikuwa kufuta viti, na hakuna aliyevifuta kama yeye. Lakini mwezi uliopita injini ile ilikata roho katikati ya maji, boti ikiwa na wanafunzi kumi na wanne. Walielea mpaka saa sita mchana, wadogo wakilia na kutapikiana. Siku ile Shangazi aliapa kwamba boti yake ijayo itakuwa na injini mbili. Moja ikigoma, nyingine iwarudishe nyumbani.

Muuzaji alijileta mwenyewe. Watu wa gatini walimwita Mng'aro, kwa kuwa kila kitu chake kiling'aa: viatu, kipara, na hata boti nyeupe aliyotaka kuiuza. Alipenda kumsogelea mtu usoni anapozungumza, huku akichokonoa meno kwa kijiti. Alichokipata alikitazama kwanza, kisha akakirudisha mdomoni. Bi Kinyaa aligeuza uso upande wa ziwa.

"Nguvu za farasi sabini na tano kila injini, mama," alisema Mng'aro akizipigapiga mgongoni. "Mapacha hawa! Baba mmoja, mama mmoja. Na mafuta hawanywi, wanalamba tu."

"Itapaa hii!" alishangilia Kifimbo.

"Kupaa ni kazi ya ndege," alisema Fundi, mzee mfupi aliyekuwa akitengeneza injini ya Shangazi miaka yote. "Dada, wewe unabeba watoto na mboga. Injini mbili za farasi arobaini zinakutosha kabisa. Tena hizi ni zile za kuchanganya petroli na oili. Zina nguvu, sikatai, lakini ni lafi. Kuna zile ambazo oili inakaa mahali pake. Hizo zinakula kwa adabu."

"Hizo injini za bibi?" Mng'aro aliangua kicheko, na mate yakamrukia Fundi shavuni.

Fundi alijifuta kwa mkono wa shati. "Tusibishane. Tupime."

Kila injini ilikuwa na tangi lake, na yote mawili yalikuwa yamejazwa mpaka shingoni. Walipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria, wakaenda nusu saa na kurudi. Sasa ilibaki kuyajaza tena kwa jagi la lita moja. Lita zitakazoingia ndizo zilizotumika.

"Kazi hiyo ni yako, mwanangu," Shangazi alimwambia Bi Kinyaa. "Hesabu na uandike." Yeye akaenda mbele kukagua sakafu na Mng'aro, na Fundi akashuka majini kutazama mapangaboi.

Tangi la kushoto lilikuwa rahisi. Lilimeza lita kumi na moja. Tangi la kulia lilikuwa ndani ya sanduku la nyuma. Bi Kinyaa aliinua kifuniko, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Chini mlikuwa na maji meusi mazito, juu yake pakielea magamba ya samaki, mende, na panya aliyekufa na kuvimba mpaka manyoya yakaanza kunyonyoka. Ili kuufikia mdomo wa tangi ilimpasa kupiga magoti mle ndani. Harufu ya uozo iliyochanganyika na petroli ilijaa humo.

Alifunga kifuniko. Akatazama huku na huku. Si mapacha hawa? Akaandika: *Kushoto 11. Kulia 11.* Halafu akanawa mikono mara tatu, ingawa haikuwa imegusa uchafu ule.

"Ishirini na mbili," Fundi alisoma akikuna kichwa. "Ni nyingi, dada."

"Ni nyingi, lakini nikienda polepole zitapungua," alijibu Shangazi, macho yakiwa kwenye ule weupe wa boti. "Kesho nakuja kumalizana naye."

Jioni, kabla jua halijazama, walikaa kula. Sahani ya Bi Kinyaa ilikuwa safi, chakula hakikuwa na inzi wala nywele, lakini hakukigusa. Shangazi alikuwa akimsifu mbele ya Kifimbo: "Mimi namba za huyu naziamini kuliko maneno ya Mng'aro." Kila sifa ilimnukia kama lile sanduku. Alijiona yeye na Mng'aro ni kitu kimoja, na wazo hilo lilimchefua kuliko panya.

"Shangazi," alisema akiinamisha kichwa, "tangi la kulia sikulipima. Niliona kinyaa. Niliandika tu."

Kifimbo aliacha kutafuna. Shangazi alisukuma sahani yake pembeni.

"Ungenitukana," alisema, "ingeniuma kidogo kuliko hivi. Kesho tunarudia safari yote. Na wewe ndiye utakayeingia mle."

Asubuhi Mng'aro alilalamika sana, lakini alilijaza tangi la kulia mpaka shingoni, na safari ikarudiwa. Bi Kinyaa alifunga kitambaa puani, akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akamshika panya mkia na kumtupa ndani ya pipa la taka. Alipiga magoti kwenye yale maji. Yaliingia viatuni, yakiteleza kama kamasi. Alitapika mara moja, akajifuta, akaendelea kumimina na kuhesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na moja. Tangi halikujaa. Kumi na tano. Kumi na nane. Lilijaa kwenye lita ya kumi na tisa.

"Mapacha gani hawa!" alisema Fundi. Alimwomba Bi Kinyaa apishe, akainama mwenyewe na kuagiza injini ya kulia iwashwe kidogo. Alifuata mpira wa mafuta kwa vidole, akakwangua rangi nyeupe kwa ukucha. Chini ya rangi palikuwa na utepe wa gundi, na chini ya utepe palikuwa na ufa. Petroli ilitona, tone baada ya tone, ndani ya maji machafu.

"Zimeni!" alipaza sauti. "Cheche moja tu hapa, na boti yote inakuwa tanuri."

"Aa, kitu kidogo hicho, mzee, ni mpira tu," Mng'aro alicheka, kijiti kikicheza mdomoni. "Mama, tutapatana. Nitakupunguzia."

Shangazi alimtazama kama mtu anayetazama kile kilichokuwa kwenye pipa. "Ulijua nabeba watoto. Ukachukua brashi, ukapaka rangi juu ya ufa. Hata ukinipa bure siitaki. Toka mbele yangu, unanuka."

Wiki tatu baadaye walipata boti nyingine. Rangi yake ilikuwa imepauka, nayo ilikuwa na injini mbili za farasi arobaini, zile za kula kwa adabu. Haikupaa, na Kifimbo alinuna. Baada ya safari kama ile ya kwanza, Bi Kinyaa alipima matangi yote mawili, mikono ikimjaa grisi mpaka viwikoni. Kila moja lilimeza lita sita.

"Umepima, au umeandika tu?" aliuliza Shangazi.

"Nimepima, Shangazi. Mara mbili."

Shangazi alimmiminia maji na kumpa sabuni. "Kinyaa si kibaya, mwanangu. Kinatukinga na maradhi mengi. Lakini wewe uliogopa uchafu wa nje, ukakubali ule wa ndani. Huu wa mikononi unautoa kwa sabuni. Ule uliouandika kwenye karatasi, watoto wa watu wangeukalia kila asubuhi wakienda shule, wakidhani wako salama."