Mkono Uliozima Taa

Kopo la bati lilikuwa mahali pake, rafu ya juu, limefungwa vizuri na limeandikwa ubavuni: NEMBO YA KWANZA. Filamu ndiyo haikuwemo. Ndani mlijaa magazeti yaliyokunjwakunjwa ili kulipa kopo uzito.

"Nilipolinyanyua tu nikajua si lenyewe," alisema mtunza maktaba, mikono kiunoni. "Filamu haichakarishi."

Inspekta alilitazama kopo bila kuligusa. Alikuwa mtu wa taratibu, na kituoni walikuwa wamemcheka vya kutosha asubuhi ile. Wenzake wanafukuza majambazi, yeye katumwa kutafuta sekunde nane za picha! Lakini hata yeye alizijua sekunde hizo. Kila mchezo wa kampuni hii ya filamu ulipokwisha kwenye televisheni, mkono wa mwanamke ulitokea, ukashusha utambi wa taa, giza likaingia, kisha jina la kampuni. Watoto wa nchi nzima walijua wakiuona mkono ule ni kulala, hakuna mjadala.

Mtaalamu wa alama za vidole alinyunyiza unga wake, akatikisa kichwa.

"Limefutwa, afande. Na mlango haukuvunjwa."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na bosi," alijibu mtunza maktaba. "Wa akiba uko nyumbani kwa bosi, umetundikwa ukutani."

Inspekta aliinama. Utepe wa gundi uliofunga kopo ulikuwa umekunjwa kidogo kwenye ncha, ukaacha kisikio cha kushikia.

"Huu umeukunja wewe?"

"Sina muda huo. Sisi tunabandika tu, siku ya kufungua tunahangaika na kucha."

Ofisini, Mkurugenzi alimpokea bila kukaa. Wafanyakazi walimwita Mama Mkono, mbele yake na nyuma yake, kwa kuwa mkono wa kwenye nembo ulikuwa wake. Jina hilo alilipenda kuliko cheo.

"Jumamosi ni sherehe ya kampuni," alisema. "Filamu ilikuwa isafishwe, ionyeshwe kwenye skrini kubwa kama ukuta. Nami nisimame chini yake."

"Nakala hazipo?"

"Ziko za kanda, zimechujuka. Mkono unaonekana kama kiazi. Picha safi iko kwenye filamu ile tu."

"Nani asingependa usimame pale?"

"Inspekta, mimi ni bosi. Unataka tuanze na nani?"

Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Akauweka mkono wa kulia mezani, akautazama.

"Marehemu mama yangu aliuona mkono huu kwenye televisheni kabla hajafa. Nitafutie filamu yangu, baba."

Inspekta alitoka humo hana tena hamu ya kucheka.

Chumba cha pili kutoka mwisho kilikuwa cha mchoraji, mzee mwenye wino hadi kwenye nyusi. Ndiye aliyetengeneza nembo ya pili, ile ya katuni, kwa kuichora ya kwanza picha moja moja. Ya tatu ilikuwa ya kompyuta: taa inazunguka hewani, mkono hamna.

"Hiyo usiniulize," alisema mchoraji. "Taa isiyo na mwenyewe itazimwa na nani?"

Inspekta akamwonyesha picha ya utepe.

"Nani hukunja hivi?"

"Ah! Watu wa kamera wa zamani. Filamu ilitolewa ndani ya mfuko mweusi, huoni kitu, vidole vinatafuta hicho kisikio. Mkono ukishazoea hauachi."

"Hapa wamebaki wangapi?"

"Hapa hayupo hata mmoja. Yupo mume wa bosi, alishastaafu."

Inspekta akageukia rundo la michoro mezani. "Hizi ndizo karatasi zako za nembo ya pili?"

"Ndizo. Nilizichora nikiitazama ile filamu kwa kioo cha kukuzia. Bosi aligomba! 'Kidole changu cha mwisho hakijapinda hivi!' Nikamwambia nimechora nilichokiona. Nikakinyoosha, unga wangu usije ukamwagika."

Kwenye karatasi ile ya kale, ya kabla hajakinyoosha, kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa nje. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu, akaiazima.

Mume wa bosi alimkaribisha sebuleni na kumimina chai mwenyewe. Alipomkabidhi kikombe, kidole chake cha mwisho kilibaki nje, kimepinda. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya mzee huyu ilikuwa imekwenda karibu maisha mazima.

Inspekta aliweka karatasi mezani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Mkono."

"Wa nani?"

Mzee akakikunja kidole chake ndani ya kiganja.

"Huna lazima ya kujibu. Ukijibu, nitaandika."

"Andika basi, mwanangu. Nimechoka nao." Mzee alikaa. "Filamu iko chini ya kitanda, haina hata mkwaruzo."

"Kwa nini?"

"Mke wangu tulimpiga picha jioni, akasafiri kwenda kumuuguza mama yake. Nikafungua kamera kabla ya wakati, kama mwanagenzi. Mwanga ukaingia, picha yote ikaungua. Kesho yake kipindi kinarushwa. Nikanyoa mkono wangu, nikapaka rangi ya kucha, nikazima taa mwenyewe."

"Ungemwambia aliporudi."

"Nilikusudia. Kumbe mama mkwe, pale kitandani, kila mgeni anayeingia anamwambia: 'Ule mkono ni wa binti yangu.' Akafa nao moyoni hivyo. Wewe ungesema?"

Inspekta akaacha kuandika.

"Picha ikisafishwa, hata mashina ya vinyweleo nilivyonyoa yataonekana. Atasimama chini yake, watu watamcheka. Nikaona bora niwe mwizi."

"Mlalamikaji ni mkeo. Utamwambia wewe, au mimi?"

Alimwambia mwenyewe, mkewe aliporudi, wote watatu wakiwa wamesimama. Mama Mkono alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi, akalia bila kujificha.

"Nimemdanganya mama yangu," alisema.

"Hukumdanganya wewe. Ni mimi."

"Mafuta yote niliyopaka mkono huu! Mpaka glavu nalala nazo!" Alimtupia mto, ukampata. "Na kamera, uliifungua kwa bahati mbaya tu?"

"Si bahati mbaya," alisema mzee, sauti chini. "Ulikuwa umeshaondoka. Nikaharakisha kuitoa filamu; nilitaka kukuona."

Inspekta alijifanya anatafuta kalamu.

"Mama, shtaka tuendelee nalo?" aliuliza hatimaye.

"Lifute. Filamu irudi ikasafishwe." Mama Mkono akajifuta machozi, akainuka na kuingia chumbani. Aliporudi alikuwa na kichupa chekundu cha rangi ya kucha mkononi. Akaketi naye, akauvuta mkono wa mumewe, akaulaza juu ya goti lake.

"Jumamosi utasimama wewe chini ya skrini," alisema, akaanza na kile kidole kilichopinda. "Tulia. Safari hii nakupaka mimi."